Niliandika 20 bila kuhesabu

BARUA

Assalaam alaykum Mama Mshauri,

Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili, hapa Malindi. Kwetu ni Lamu, Matondoni. Ili niingie chuo, baba aliuza punda wawili katika watatu aliokuwa nao, na mamangu mpaka leo anasuka mikeka ya kuuza ili nipate nauli na kodi ya chumba. Nayataja haya mapema ili ujue ninapoogopa, naogopa nini.

Muhula uliopita nilipangiwa wadi ya wanaume. Usiku ninaotaka kukueleza tulikuwa na wagonjwa 31. Sista aliyekuwa zamu alikuwa mmoja, mwenzake ameitwa kusaidia kwingine, na sisi wanafunzi wawili. Kazi yetu ilikuwa kupima joto, mapigo ya moyo, presha na pumzi. Chuoni tumefundishwa vizuri kabisa: vidole juu ya kifundo cha mkono, macho kifuani, saa inakwenda, dakika nzima. Nilipofanya mtihani wa vitendo nilipata alama nzuri, mwalimu akanisifu mbele ya wenzangu.

Wadini ni mambo mengine. Mashine ya presha inakupa presha na mapigo pamoja. Kipimajoto kinalia chenyewe. Pumzi haina mashine. Siku yangu ya kwanza nilisimama kando ya kitanda nikihesabu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu akanishika bega akaniambia, "Utakesha hapo. Andika 18. Akiwa na homa andika 20." Nikaangalia chati za wiki nzima: 18, 20, 18, 18, 20, kitanda baada ya kitanda. Nikaandika 18. Siku ya pili hakuna aliyenishika bega, niliandika mwenyewe.

Kitanda cha 14 alikuwa mzee mmoja mvuvi wa upande wa Mambrui, amelazwa kwa homa ya mapafu. Alipojua natoka Lamu alinipenda, akawa ananisimulia safari zake za majahazi. Saa sita usiku nilimpima. Joto 38.4, mapigo 104, presha sawa. Pumzi niliandika 20. Alikuwa amekaa kitako. Nikamwuliza, "Babu, mbona hulali?" Akasema, "Nikilala napungukiwa," akanyamaza, akavuta hewa, akamalizia, "na pumzi." Nikamwekea mto wa pili mgongoni, nikaenda kitanda cha 15. Saa kumi na mbili asubuhi niliandika 20 tena.

Daktari alipokuja raundi alisimama miguuni pa kitanda, hakusema neno, akatazama saa yake. Alihesabu 36. Hapo hapo ikaletwa oksijeni, dawa zikabadilishwa, mzee akasogezwa kitanda cha karibu na meza ya wauguzi. Kisha daktari akainua chati akauliza, "Nani alihesabu hizi?" Mimi nilikuwa nimeshika trei ya dawa. Sista akajibu kabla sijafungua mdomo: "Daktari, huyu amebadilika ghafla alfajiri hii."

Alhamdulillahi, mzee alipona. Siku ya kutoka alimtuma mjukuu wake aniite. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili akaniambia, "Mwanangu, Mungu akulipe. Usiku ule wewe ndiye uliyenikeshea." Nilikwenda chooni nikalia.

Sista yule kwangu ni kama mama. Ramadhani alinifuturisha kwake mara nyingi, na nilipokosa nauli ya kwenda nyumbani Idi alinipa yeye. Ndiye atakayetia saini kitabu changu cha mafunzo, na mwezi ujao nina tathmini ya wadi mbele yake. Baada ya siku ile aliniambia maneno mawili tu: "Yamekwisha, usiyafukue." Mwenzangu wa chumbani anasema nikifungua mdomo nitajiharibia na kuwaharibia wote, kwa kuwa kila mtu huandika hivyo. Mwalimu wetu wa wadini ni mtu mwema, lakini sijui kama wema wake utabaki nikishamwambia. Na mimi tangu siku ile, nikikaa karibu na mtu anayepumua, hata ndani ya tuktuk, nahesabu.

Je, niseme? Kwa nani? Au ninyamaze na nisirudie tena? Jumanne narudi zamu ya usiku, wadi ile ile. Na swali ninaloliogopa kuliko yote: mtu aliyefanya nilivyofanya anafaa kuwa muuguzi?

Mwanafunzi, Malindi

JIBU

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kabla ya kukaa mezani kujibu barua nilikuwa muuguzi, na hiyo 18 yenu naijua. Niliikuta wadini nilipoingia nikiwa msichana kama wewe, na sitakwambia kwamba kalamu yangu haikuwahi kuiandika. Kwa hiyo usinione kama mtu aliyesimama ng'ambo akikutazama.

Nikikuelewa sawasawa, umebeba mizigo miwili iliyofungwa kwa kamba moja. Mmoja ni wa mzee wa kitanda cha 14. Wa pili ni wa Sista. Ungependa kuutua ule wa mzee, lakini kila ukiuinua unanyanyuka pamoja na wa Sista, ndipo unaurudisha kichwani. Nataka tulifungue kidogo hilo fundo, kisha wewe mwenyewe uamue utue upi na wapi.

Tuanze na mzee. Katika barua yako hukuandika mahali popote kwamba ulikaribia kumuua, lakini nimeliona neno hilo limekaa katikati ya mistari. Ngoja kwanza. Saa sita usiku mzee alikuwa akipumua mara ngapi kwa dakika? Huenda 22. Huenda 32. Wewe hujui, Sista hajui, daktari hajui, na hakuna atakayejua tena. Hicho ndicho kilichopotea usiku ule. Kama alikuwa 22 saa sita na 36 alfajiri, basi Sista alisema kweli bila kujua, amebadilika ghafla. Kama alikuwa 32 tangu mwanzo, ulipita msaada wa saa nyingi. Wewe umechukua jibu baya kuliko yote ukalifanya ndilo. Sikwambii uchukue lile zuri. Nakwambia hujui, na kutojua huko ndiko kunakokuuma.

Sasa soma tena ulichoniandikia. "Nikilala napungukiwa," akanyamaza, akavuta hewa, "na pumzi." Mwanangu, mtu anayeshindwa kumaliza maneno manne bila kuvuta hewa katikati, anayekaa kitako usiku wa manane kwa sababu kulala kunambana, huyo pumzi zake zimekwisha kujieleza kabla ya saa yoyote. Nawe uliliona. Umelikumbuka neno kwa neno, pamoja na mahali aliponyamaza. Hata mto wa pili ulimwekea, na mto huo ulikuwa tiba sahihi, kwani kuketi kunayapa mapafu nafasi ya kutanuka. Jicho lako lilifanya kazi ya uuguzi. Kilichotokea ni kwamba kalamu haikulifuata jicho. Ukiniuliza kama unafaa, sina haki ya kukujibu kutoka huku nilipo, lakini nisingependa ulijibu swali hilo ukiwa umeisahau sehemu hii ya barua yako mwenyewe.

Nawaeleza kidogo wasomaji wengine, maana jambo hili si la wauguzi peke yao. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akifika 25 yafaa mtu aitwe. Kwa mwenye homa ya mapafu, 30 na zaidi ni moja ya dalili kwamba ugonjwa umekuwa mkali. Watoto wana hesabu yao: mtoto wa chini ya miezi 2 akifika 60, wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, huyo anapumua kwa kasi na apelekwe kituo cha afya. Na pumzi mara nyingi hutangulia kubadilika. Mwili ukikosa hewa ya kutosha huanza kuvuta haraka haraka kufidia, na kwa muda huo presha yaweza kukaa vizuri kabisa. Ndiyo maana ile "presha sawa" yako ya saa sita ilikutuliza. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa ikizungumzia mapafu.

Hapa ndipo 18 na 20 zinapodhuru. Chuoni mmefundishwa kwamba kisichoandikwa hakikufanywa. Sijui kama mmefundishwa upande wa pili wake: kilichoandikwa huaminiwa. Nafasi tupu kwenye chati ingemfanya mtu aulize. Namba nzuri humfanya apite. Huenda Sista mwenyewe alipita saa nane na tochi yake, akaona 20, akaenda kwa mwingine aliyekuwa akiugua zaidi kwenye karatasi.

Mwenzako anasema kila mtu huandika hivyo. Nimejaribu kupiga hesabu ya usiku wenu. Wagonjwa 31, dakika moja moja ya pumzi, ni dakika 31. Mkigawana wawili, ni kama robo saa kila mmoja. Lakini kupima vyote vinne, kuufunga mkanda wa presha, kumwamsha mtu, kumtengeneza, kuandika, weka dakika 5 kwa kila mgonjwa: dakika 155. Zaidi ya saa mbili na nusu, au saa moja na robo na ushei kwa kila mmoja wenu, tena mara zaidi ya moja kwa usiku, na dripu zinaisha, na wasioweza kujigeuza wanatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa 2 wasipate vidonda. Uzito huo ni wa kweli na haukuanzishwa na wewe. Sitaki uubebe peke yako kana kwamba uliletwa na uvivu wako.

Lakini nina swali. Katika hivyo vinne, pumzi ndiyo inayotaka vifaa vichache, saa tu. Kwa nini ndiyo iliyochaguliwa kuachwa? Nimelifikiria sana hili kwa miaka, na ninavyoona ni kwa kuwa haina shahidi. Presha imo kwenye kumbukumbu ya mashine. Pumzi imo kati yako na mgonjwa tu, na mgonjwa mwenyewe hajui kama unamhesabu. Florence Nightingale, yule muuguzi Mwingereza ambaye siku yake ya kuzaliwa, 12 Mei, ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani, alipokwenda hospitali ya wanajeshi kule Scutari, Uturuki, mwaka 1854 alifanya kazi kubwa ya kufagia na kusafisha, lakini alifanya na ya kuhesabu. Hesabu zake ndizo zilizoonyesha kwamba maradhi yaliua askari wengi kuliko majeraha ya vita. Kama waandishi wake wa usiku wangejaza "kama jana", asingeonyesha kitu.

Nirudi kwa Sista. Umesema ni kama mama, na naamini. Futari na nauli ya Idi si maneno. Huenda umechukulia kwamba alimwambia daktari vile kukulinda. Yawezekana. Yawezekana pia alijilinda mwenyewe, kwa kuwa muuguzi aliyesajiliwa ndiye anayejibu kwa kazi anayomkabidhi mwanafunzi. Na yawezekana aliamini asemacho. Mapenzi na hofu hukaa pamoja katika moyo mmoja bila kugombana. Nikisikiliza ule usemi wake, "yamekwisha, usiyafukue," simsikii mtu mwovu. Namsikia mwanamke aliyekuwa na wagonjwa 31 na ambaye usiku ule ungeweza kuwa mwisho wa kazi yake. Je, umewahi kukaa naye mkalizungumza, au mmekaa mkalinyamazia?

Kwa hiyo njia mojawapo ni kuanza kwake. Si wadini mbele ya watu, ni nyumbani, mkiwa wawili, ukimsemea nafsi yako tu: "Sista, ile 20 sikuihesabu. Nimeshindwa kulala nayo." Faida yake ni kwamba hatakuja kusikia kwa mtu mwingine kwamba mtoto aliyemfuturisha amemshitaki. Hatari yake unaijua: kitabu chako kiko mkononi mwake, na mtu akiogopa hubadilika. Anaweza kukuomba unyamaze, na ukishaombwa na mtu uliyemla chumvi, kusema baadaye kutakuwa kugumu maradufu. Lifikirie hilo kabla hujabisha hodi.

Njia nyingine ni mwalimu wako wa wadini. Ukienda, sema ya kalamu yako. Usianze na "sote hufanya hivi", hata kama ni kweli, maana utakuwa umewafikisha mbele wenzako ambao hukuwauliza. Lakini usijidanganye kwamba mambo yatabaki kwako. Atauliza nani alikuwa zamu. Mwulize yeye kwanza, kabla ya kueleza chochote: "Mwalimu, mwanafunzi akikuletea kosa la wadini, unalazimika kufanya nini nalo?" Jibu lake litakuonyesha unaingia mlango gani. Yanaweza kufuata mambo magumu: kuitwa kwenye kamati, kurudia wadi, baba kupigiwa simu Matondoni. Yanaweza pia kufuata mambo usiyoyatarajia. Nimewahi kumwona mwalimu aliyepelekewa kosa kama lako akaacha kwenda ofisini wiki nzima, akawa anashinda wadini na wanafunzi wake, akihesabu nao.

Kunyamaza na kubadilika nako ni njia, na sitakuvunjia heshima kwa kukuita mwoga ukiichagua. Wapo wauguzi wazuri sana waliojengwa na kosa ambalo hawakumwambia mtu. Ninachokiogopa ni hiki. Mwakani wewe ndiye utakuwa wa mwaka wa tatu, na mtoto wa mwaka wa pili atasimama kando ya kitanda akihesabu. Utamwambia nini, na utamwelezaje ulivyojifunza? Pia shukrani ya mzee yule haitanyamaza kwa sababu wewe umenyamaza.

Hukuniuliza kuhusu mzee mwenyewe, lakini naona wasomaji wengi wa pwani hii watauliza: na haki ya mja je? Hilo la kidini mwulize mwalimu wako wa madrasa au mtu wa elimu unayemwamini. Mimi si wa kutoa fatwa. La kiuuguzi ninaloweza kukuuliza ni hili: ukimfuata Mambrui ukamweleza, nani atalala vizuri zaidi usiku huo, wewe au yeye? Kama ni wewe tu, basi fikiri tena namna na wakati, na pengine ni bora lipitie kwa wakubwa wa hospitali.

Kuna mambo mawili ya hatari ambayo sitaki yakupite. Usiirudie ile chati kwa siri kuirekebisha. Kosa la chati hupigwa mstari mmoja, lisomeke, likatiwa saini, tarehe na saa. Na la siku zilizopita huandikwa wazi, wakubwa wakijua. Namba iliyobadilishwa kimyakimya ni uongo wa pili juu ya wa kwanza. Na usipige picha ukurasa wowote wala kulipeleka jambo hili kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Hiyo ni siri ya mzee kabla haijawa yako.

Kuhesabu ndani ya tuktuk nako kumenigusa. Kama kunakuja na kukosa usingizi au chakula kutopita, nenda kwa mshauri wa wanafunzi chuoni. Si lazima uende na kisa kizima siku ya kwanza. Nenda na usingizi tu.

Jumanne sasa. Ukiingia zamu usianze kitanda cha 1 kwa sababu ni cha 1. Simama mlangoni kwanza utazame: nani amekaa kitako, nani mabega yanapanda, nani anakata maneno. Anza na hao. Ukishahesabu mapigo, usiondoe vidole, wala usimwambie sasa nahesabu pumzi, maana mtu akijua anahesabiwa hubadili. Taa ikiwa hafifu na shuka limemfunika, ulaze mkono wake juu ya kifua chake nawe umeushika; kifua kikipanda, mkono wako utapanda nacho, utahesabu kwa ngozi hata kama macho hayaoni. Tulifundishwa hivyo na matroni mmoja mkali, Mungu amrehemu, na mpaka leo mkono wangu unakumbuka. Na kama usiku ukikushinda na mgonjwa fulani hukumfikia, iache nafasi tupu, kisha wakati wa kukabidhiana zamu useme kwa sauti: "Kitanda fulani, pumzi sikuhesabu." Sista atasikia. Hutakuwa umemtaja mtu, wala hutakuwa umefukua kitu. Yeye ataelewa ulipofika, na pengine mazungumzo yenu yakaanzia hapo.

Niandikie baada ya Jumanne, uwe umesema au bado. Na kama tathmini itakuja kabla hujaamua, niambie tarehe yake nikuombee.